Spika za Shangazi na Mlango wa Bucha

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Shangazi aliwasha redio huku sauti ikiwa imefungwa kabisa. Aliweka kiganja mgongoni mwa redio, akatulia. Ungemwona ungedhani anampima mtoto homa. Redio ikishapata joto kidogo ndipo alipofungua sauti, taratibu, kama mtu anayeingia chumba ambacho mwenzake bado amelala.

"Hata wewe ukiamshwa kwa kishindo utakwaruza siku nzima," aliniambia siku nilipomuuliza.

Ni dada mkubwa wa baba. Mtaani walimwita Bi Koili, kwa sababu miaka kumi na tisa alifanya kazi kwenye kiwanda cha redio na spika, na kazi yake ilikuwa moja tu, kusuka koili. Koili ni ule waya mwembamba kama unywele uliozungushwa ndani ya spika. Umeme ukipita humo, spika hutikisika, na mtikisiko huo ndio sauti. Kiwanda kilipofungwa hakikuwa na cha kuwapa wafanyakazi ila mali iliyobaki stoo. Wengine walichukua redio wakaziuza siku ileile getini. Shangazi alichukua spika mbili za mbao, kimo cha mtoto wa miaka mitano, ambazo koili zake alizisuka mwenyewe. Akafika nazo kwetu juu ya mkokoteni, na begi moja, akamwambia baba, "Nipe wiki mbili, mdogo wangu, nijipange."

Alikaa miaka sita.

Simsemi vibaya. Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na cha mbele kinachotazama barabara ni saluni, maana baba ni kinyozi. Cha nyuma ni cha baba na mama. Cha katikati ni sebule, na humo ndimo tulimolala mimi na Shangazi. Asubuhi tunakunja magodoro, wageni wanakaribishwa. Sebule haina mlango, ina pazia tu, na kila mteja wa baba anayetaka maji ya kunywa hupita hapo. Shangazi alibadilishia nguo nyuma ya spika zake miaka yote hiyo, na sikumsikia akilalamika hata siku moja.

Mchana alitengeneza redio, feni na pasi za watu kwenye meza ya dirishani. Mimi shule niliishia darasa la nne, mwaka ambao mama aliugua. Shangazi alipoona nimeanza kusahau herufi, akanipa kazi ya kuandika vikaratasi vya kubandika kwenye vyombo vya wateja. "Redio ya mwenye maziwa. Haishiki stesheni." "Feni ya fundi viatu. Inazunguka ikitaka." Nikikosea alinirudishia kikaratasi bila neno, nami nikaandika upya. Haya ninayoandika yametoka kwenye vikaratasi vile.

Spika zenyewe hazikuwahi kusema kitu. Juu ya moja mama aliweka maua ya plastiki, juu ya nyingine ilikaa pasi.

"Wifi," mama alimtania kila mwisho wa mwezi, "hawa wapangaji wako wawili mabubu watalipa kodi lini?"

"Watalipa kwa mkupuo, wifi yangu. Wewe wafute vumbi tu."

Tatizo lilikuwa amplifaya. Spika kubwa haisemi peke yake, lazima ipate amplifaya ya kuisukuma, na Shangazi alikuwa mgumu kuchagua kuliko baba wa bibi harusi. Baba alimletea tatu kwa nyakati tofauti, za kuazima, akazikataa zote. Aliigeuza spika akanionyesha maandishi ya nyuma: ohm nne.

"Ohm ni ugumu wa njia ya umeme," aliniambia. "Spika nyingi za mtaani ni ohm nane. Njia ina kokoto, umeme unapita kidogo kidogo, amplifaya yoyote inavumilia. Hizi ni nne. Njia nyeupe. Umeme unataka kumwagika, na amplifaya dhaifu inabaki inahema. Tena ni wazito kuamka hawa. Ukiwapa wa kuwasukuma asiye na nguvu, utawaua."

Basi zikakaa kimya, mpaka Jumatatu moja alipokuja Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu ni mama mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Anaongoza shule ya watoto wasioona, upande wa pili wa mji, na alikuwa amefuata redio kaseti za shule alizozitengeneza Shangazi. Alizijaribu zote, akaridhika, kisha macho yake yakatua kwenye pasi.

"Hili ni kabati?"

"Ni spika, Mwalimu."

"Inafanya kazi?"

"Ikipata mwenzake."

Mwalimu Mkuu akakaa. Akaeleza kwamba ukumbini kwake kuna honi mbili za bati zilizofungwa juu ya ukuta. Akiwasomea watoto hadithi au habari, wa mbele wanasikia, wa nyuma wanapata ngurumo. "Watoto wangu wanasoma kwa masikio, Bi Fundi. Sikio likipewa ngurumo, mtoto anatoka na ngurumo." Alikuwa anatafuta fundi wa kukaa palepale shuleni, aangalie vyombo, na awafundishe wakubwa kazi ya mikono. Kusuka koili, kwa mfano, maana ni kazi ya vidole.

"Kukaa palepale?" Shangazi aliuliza.

"Kuna chumba."

"Chenye mlango?"

Mwalimu Mkuu alimtazama kidogo. "Mlango na dirisha. Lakini kamati yangu inataka kusikia kwanza. Jumamosi leta hizi spika. Nitasoma, na mtoto wa mstari wa mwisho akinirudishia nilichosoma, chumba ni chako. Asiponirudishia, yupo fundi mwingine, ana honi nne."

Alipoondoka, Shangazi alichukua maua ya mama na pasi akaviweka chini. Akafuta spika zote mbili kwa kanga yake, mbele na nyuma. Nilijua anataka kile chumba. Hakusema, lakini alifuta mara mbili.

Jumanne alikwenda shuleni kuupima ukumbi kwa hatua. Na Jumanne hiyohiyo baba akataka kumfurahisha.

Saluni kuna amplifaya ndogo, ya kuwaimbia wateja, ukubwa wa boksi la viatu. Baba aliileta sebuleni, akafunga waya kwenye zile spika, akanikonyeza. "Leo dada yangu akiingia tu, anapokelewa na wanawe. Nimechukua hii ndogo makusudi. Kubwa zinaunguza."

Akafungua. Sauti ikatoka kwa mbali, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Akaongeza, bado. Akazungusha kitufe mpaka kikagoma. Hapo muziki ukajaa chumba, baba akacheza hatua mbili tatu na kitambaa cha wateja kikiwa begani. Alikuwa na furaha kama mtoto. Mimi nilikuwa karibu na spika ya kushoto, nikasikia kitu. Kila mwimbaji alipofika kwenye "s", sauti ilikwaruza, kama kijiko kwenye kitako cha sufuria. Nikanyamaza. Baba akifurahi hivyo, nani atamwambia kitu?

Kisha ikaja harufu. Baba akainua pua. "Nimesahau kuzima mashine yangu ya kunyolea," akakimbilia saluni. Lakini harufu haikutoka saluni.

Shangazi aliisikia kabla hajavuka pazia. Hakuuliza. Alizima amplifaya, akaweka kiganja juu ya spika ya kulia, halafu ya kushoto. Akafungua skrubu nne na kutoa ile spika ndogo ya juu, ambayo mafundi huiita twita, inayosema sauti nyembamba zote. Akaigusisha na mita yake ya kupimia umeme. Mshale haukusogea.

"Amekufa," alisema.

"Dada, nilichukua ndogo!" Baba alikuwa amesimama na mashine ya kunyolea mkononi. "Nilichukua ndogo ili isiunguze!"

Shangazi alitoka nje. Kupitia dirisha nilimwona bombani akinawa mikono ambayo haikuwa michafu. Alinawa muda mrefu. Aliporudi akakaa kwenye kigoda.

"Mdogo wangu, mashine yako betri ikikaribia kuisha, mteja anasemaje?"

"Anapiga kelele."

"Kwa nini?"

"Inakuwa hainyoi tena, inang'oa."

"Basi na amplifaya ndogo ni hivyo. Ukiilazimisha kupita nguvu yake, haitoi sauti, inang'oa sauti. Ile inayong'olewa inakwenda yote kwa huyu mdogo wa juu, ndiye anaungua. Kubwa yenye nguvu ukiifungua kidogo hamgusi mtu. Watu wanaogopa kubwa, na ndogo ndizo zinazoua."

Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akanigeukia mimi.

"Ulisikia ikikwaruza?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Ukanyamaza."

"Baba alikuwa amefurahi."

Alinitazama, si kwa ukali. "Siku nyingine sema. Hata kama mtu amefurahi."

Twita ya kufanana na ile haipatikani popote, kiwanda kilishakufa. Lakini Shangazi alikuwa na kopo la maziwa ya unga alilotoka nalo kiwandani, na ndani yake kibonge cha waya ule wa unywele. Jumatano asubuhi alikaa dirishani, akabandua koili iliyoungua, nyeusi kama utambi, akaanza kusuka mpya. Nilikuwa sijawahi kumwona akisuka. Nilijua jina lake tu.

Waya ukakatika.

Akaanza tena. Ulipofika mizunguko kumi na kitu, ukakatika tena. Ndipo nilipoona vidole vyake. Miaka kumi na tisa ya waya ilikuwa imeviacha na ganzi, na sasa vilitetemeka kidogo tu, kiasi ambacho kwenye kushika bisibisi huwezi kukiona. Aliinua kibonge kwenye mwanga. "Umebaki wa mara moja," alisema, akaweka kila kitu mezani na kukunja mikono kwapani kama mtu anayesikia baridi. Haikuwa siku ya baridi.

Baba alikuwa ananyoa. Sijui aliona saa ngapi. Nilichosikia ni yeye akimwambia mteja, "Nenda zako, ndevu nimalizie kesho," na mteja akiuliza, "Upande mmoja huu je?" Akafunga saluni, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akaja.

"Dada, sogea."

"Wewe unajua nini cha koili?"

"Sijui chochote. Lakini mimi naweka wembe kwenye koo za watu, mwaka wa ishirini huu. Mkono wangu hautikisiki. Wewe sema, mimi nishike."

Shangazi akasogea.

Walikaa hivyo, dada na mdogo wake, vichwa vikigusana juu ya kitu kisichozidi kifuniko cha chupa. Baba alizungusha, Shangazi alihesabu. "Ishirini na moja. Ishirini na mbili. Usivute, unaulaza. Ishirini na tatu. Pumua."

"Napumua."

"Hupumui, umevimba."

Mteja akagonga mlango wa mbele. Mama akamjibu akiwa uani, "Kinyozi ana kazi, anasuka!"

"Anasuka? Siku hizi ananyoa na kusuka?"

Baba alitaka kucheka, Shangazi akamshika bega. "Ukicheka nakuua. Thelathini na nane."

Ilipokamilika safu ya pili, Shangazi aliigusisha na mita. Mshale ukasogea, ukasimama mahali pake. Hakuna aliyeshangilia. Shangazi alichukua mkono wa baba, ule wa kulia, akaugeuza akautazama ndani na nje kama chombo alichokuwa akikitafuta dukani siku nyingi. "Kumbe hii ilikuwa humu ndani muda wote," alisema. Baba akafuta macho yake kwa mgongo wa mkono mwingine na kusema gundi inamwasha.

Gundi ikaachwa ikauke. Alhamisi wakaenda kutafuta amplifaya, nami nikabeba mita.

Muuza vifaa vya umeme alitupokea kwa mikono miwili. "Bi Koili! Nilijua utakuja tu. Tazama huyu." Akashusha kitu chenye taa za buluu mbele na mishale inayocheza. Kwenye boksi imeandikwa wati elfu mbili. "Paa la shule litaruka."

Shangazi aliinyanyua kwa mkono mmoja. "Nyepesi."

"Mambo ya kisasa, mama yangu. Siku hizi hawaweki uzito bure."

"Zipo nyepesi za kweli, sikatai." Akachungulia kwenye matundu ya juu, jicho moja amefumba. "Lakini hii ndani yake kuna transfoma ya kiberiti. Wati elfu mbili zinatoka wapi, kwenye boksi?" Transfoma ndicho kile kipande cha chuma na waya kinachoingiza nguvu yote ya amplifaya, na kwa vyombo vya aina ile, Shangazi alikuwa na imani moja aliyotoka nayo kiwandani: usisome, pima. "Niazime nusu saa. Nakwenda kwenye mzani."

"Mzani gani?"

"Wa nyama."

Bucha liko mkabala na duka. Muuza nyama, mwanaume mnene, mpole, kichwa kinang'aa kama sahani, hakushangaa sana. Aliondoa kipande cha ubavu, akafuta mzani, Shangazi akaweka amplifaya. Kilo mbili na robo.

"Na ubao wa kukatia?" baba aliuliza.

"Tatu na nusu."

"Basi tukafunge ubao ukumbini."

Watu kwenye foleni wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama kitu kilichouzuia mlango wa bucha usijifunge. Kilikuwa kipande cha chuma cheusi chenye mafuta na vumbi, vitufe viwili vimeng'oka. Akakisukuma kwa mguu. Hakikusogea.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Hicho? Nimekikuta na duka. Mwenye duka wa zamani alikiacha. Ni kizito, mlango hausogei hata upepo ukija."

Shangazi akapiga magoti, akafuta mgongo wa kile chuma kwa kidole na mate. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu hata na miwani macho yake hayakufika: "Wati sitini. Ohm nne mpaka kumi na sita."

"Soma tena."

Nikasoma tena.

Wakakipandisha mzanini wawili, baba na muuza nyama. Kilo kumi na tatu na nusu.

"Sitini tu, Dada?" baba alinong'ona.

"Sitini za kweli."

Muuza nyama akaanza kushtuka. "Ngojeni kwanza. Mkichukua hicho, mlango wangu utashikwa na nani?"

"Nitakunyoa bure mpaka mwaka uishe," baba alisema.

Muuza nyama akajipapasa kichwa, polepole, toka mbele mpaka kisogoni. Foleni nzima ikamtazama akijipapasa.

"Ndevu," baba akasahihisha haraka. "Nilikuwa nasema ndevu."

Walikubaliana ndevu, pamoja na jiwe zuri la kuzuia mlango, ambalo baba alilibeba mwenyewe kutoka nyuma ya nyumba yetu.

Ijumaa Shangazi aliifungua ile amplifaya ya mlangoni. Alitoa mafuta ya nyama kwa brashi na spiriti, akabadilisha fyuzi na kapasita mbili, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, zilizovimba kama mashavu ya mwenye jino. Paka watatu wa mtaa walikaa mlangoni siku nzima, wakisubiri waone nini kitapikwa. Alasiri akaunganisha. Aliwasha, sauti imefungwa. Akaweka kiganja mgongoni mwa ile amplifaya, akasubiri. Tukasubiri naye, mama akiwa na beseni la nguo kiunoni.

Kiwandani kwao hawakujaribu spika kwa muziki. Muziki, alisema Shangazi, unaficha mambo. Walisoma sentensi moja, kila mmoja kwa zamu, na spika isiyoitamka vizuri haikutoka mlangoni. Akashika maiki ya redio kaseti, akafungua kitufe hata robo hakijafika.

"Fundi wa saa kashusha sufuria safi sakafuni."

Sina namna ya kuandika nilivyosikia. Sauti haikutoka kwenye mbao. Ilikuwa kama Shangazi mwingine amesimama kati ya zile spika mbili, mahali ambapo hapakuwa na mtu, anazungumza bila haraka. Kila "s" ilikuwa "s", kila "f" ilikuwa na pumzi yake. Halafu akaweka redio, na nikamsikia msomaji wa habari akimeza mate.

Mama aliweka beseni chini. "Wifi," alisema, "wapangaji wako wamelipa."

Jumamosi tulizipeleka kwa mkokoteni uleule wa kukodi. Ukumbi ulikuwa umejaa watoto kwenye mabenchi, nyuso zimeinuliwa kidogo. Kamati watu watano walikaa pembeni, na yule fundi wa honi nne alisimama ukutani, amekunja mikono. Shangazi aliunganisha mwenyewe. Mwalimu Mkuu akachukua maiki, akasoma habari ya mtu aliyepoteza funguo za stoo, ukurasa mzima, kwa sauti ya kawaida ambayo sikujua kama anayo. Alipomaliza akauliza, "Mstari wa mwisho. Funguo zilikuwa wapi?"

"Kwenye soksi ya kushoto!" watoto wakapaza sauti kwa pamoja. Mmoja akaongeza, "Na ukageuza ukurasa, Mwalimu, kabla ya soksi."

Kamati wakatazamana. Nikaona mabega ya Shangazi yakishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Hapo msichana wa mstari wa mwisho, mwenye nywele fupi, akainua mkono.

"Hizi mbili si pacha."

"Kivipi?" Mwalimu Mkuu akauliza.

"Ya mkono wangu wa kulia ni kubwa kwa umri. Ile ya kushoto, huko juu, ni mpya. 's' zake zina makali."

Yule fundi wa honi akakunjua mikono. Mwenyekiti wa kamati akamgeukia Shangazi. "Bi Fundi, kuna kasoro?"

Baba alikuwa karibu yangu. Nilisikia pumzi yake ikisimama. Shangazi angeweza kusema ni ukumbi, au waya, au mtoto amekosea. Wote tusingejua.

"Mtoto amesema kweli," alijibu. "Twita ya kushoto iliungua Jumanne. Imesukwa upya Jumatano. Vidole vyangu havikuweza, amesuka mdogo wangu, yule pale, ni kinyozi. Makali yatapungua ikishatumika mwezi mmoja, lakini kabisa hayatakwisha." Akamgeukia yule msichana. "Umesikia ukiwa hapo mwisho?"

"Ndiyo."

"Kiwandani tulikuwa wanawake arobaini. Wa kusikia hilo wangekuwa wawili. Ukitaka kusuka koili, nitaanza na wewe."

Mwenyekiti wa kamati, mzee mwembamba, alimwinamia Mwalimu Mkuu wakasemezana. Sikusikia yote. Nilisikia tu, "Yule mwingine alituambia honi zake hazina kasoro," na Mwalimu Mkuu akacheka kwa ile sauti yake ya barabarani. Kisha akaja akamwekea Shangazi kiganjani ufunguo mmoja, umefungwa kwa uzi mwekundu.

Njiani kurudi mkokoteni ulikuwa mtupu. Baba alisema, "Ungeniacha mimi nje ya maneno yale, Dada."

"Nikuache vipi? Nikuibie koili yako?"

Jumatatu aliamka kama kawaida. Akawasha redio, sauti imefungwa, akaweka kiganja, akafungua taratibu. Akanywa chai yake yote. Begi lilikuwa lilelile alilokuja nalo, na sanduku la bisibisi. Kopo la maziwa, ambalo sasa halikuwa na waya, aliniachia mimi, limejaa vikaratasi vyangu vyote vya miaka sita, vile nilivyokosea na vile nilivyopatia. Sikujua kama alivitunza. Nilitaka kumwambia asante, nikasema, "Shangazi, umesahau miwani." Alikuwa ameivaa.

"Nimesikia," alisema, akanishika kidevu.

Mama alimkumbatia mlangoni mwa pazia. Baba alikuwa na mteja kitini, povu limejaa mashavu yote mawili. Aliweka wembe chini.

"Utarudi, Dada?"

"Nipe wiki mbili," alisema Shangazi.

Wakacheka wote wawili, hata mteja kwenye povu. Akapita katikati ya saluni, akauvuka mlango, akashika upande wa kivuli wa barabara, begi begani, sanduku mkono wa kulia na ufunguo wenye uzi mwekundu mkono wa kushoto. Baba alisimama mpaka povu la mteja likaanza kukauka. Shangazi hakugeuka, na kwetu hajarudi kulala tena.